Mapendekezo ya Google ni maswali ya watu, si maneno ya kubandika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya teknolojia mliyoichapisha Jumanne iliyopita, ile iliyowafundisha wenye tovuti namna ya kuonekana juu katika Google. Mwandishi wenu alianza vizuri. Alisema ukishatafuta jambo, teremka hadi chini ya ukurasa wa majibu, utakuta mistari kadhaa, mara nyingi minane, ya mambo mengine ambayo watu wenye haja kama yako huyatafuta. Alisema mistari hiyo ni mali ya bure. Hapo tuko pamoja. Lakini akaendelea: ikusanyeni yote, muibandike kwenye kurasa zenu, hasa chini kabisa, mingi kadiri itakavyoingia. Nilipofika hapo nililiweka gazeti mezani nikatafuta kalamu, kwa sababu jambo hilo hilo lilifanywa kwenye tovuti yangu, na aliyeumia si mimi peke yangu.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishonei watu nguo. Natengeneza mashine zenyewe, za kukanyaga na za umeme, na mwaka huu natimiza miaka 26 katika kazi hii. Miaka minne iliyopita nilianzisha tovuti ya Kiswahili ya kufundisha utengenezaji wa cherehani. Nilipokuwa nikiiandika nilimfikiria mtu mmoja: mshonaji aliye peke yake usiku, kazi ya mteja inatakiwa asubuhi, mashine imegoma na hana fundi wa kumpigia. Nilitaka ashike simu, aandike shida yake, anikute.

Hakunikuta. Niliandika kurasa 31, na niliziandika kama nilivyofundishwa kazi, yaani kwa kufuata viungo vya mashine. Ukurasa wa mvutano wa uzi wa juu. Ukurasa wa ndoano na bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini. Ukurasa wa meno yanayosogeza kitambaa. Maelezo yalikuwa sahihi, picha nilizipiga mwenyewe. Kila wiki nilifungua Search Console, huduma ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakaonyeshwa kurasa zake, na kila wiki nilikuta ukame. Ule wa mvutano wa uzi, nilioutolea jasho wiki mbili, ulibofywa mara sita katika miezi mitatu.

Ndipo alipokuja mtu aliyejiita mtaalamu wa kuzipandisha tovuti. Simtaji. Aliniahidi nafasi ya kwanza ndani ya siku 30. Siku hizi najua kwamba hakuna awezaye kuahidi hilo. Google wenyewe, katika maelezo yao kwa wenye tovuti, wanawatahadharisha watu na yeyote anayedai ana uhakika wa nafasi ya kwanza. Alifanya kazi siku mbili, akalipwa, akaenda zake. Nilizitazama kurasa zangu nikaziona ni zile zile. Nikajiambia kazi yake iko ndani, mahali ambapo jicho langu halifiki.

Miezi mitatu baadaye nikapigiwa simu na mama mmoja. Alinisalimia kwa heshima, akauliza habari za kazi, kisha akasema: "Fundi, yale mafuta ya kupikia uliyosema tuweke kwenye cherehani, yanatakiwa kufutwa baada ya muda gani? Mimi niliweka miezi miwili iliyopita, sasa gurudumu limekuwa zito, halizunguki."

Nilimwambia sijawahi kusema hivyo, na siwezi kusema hivyo. Akashikilia kuwa ameona kwa macho yake. Tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Kumbe alikuwa amemuuliza Google kama mafuta ya kupikia yanafaa kwenye cherehani. Katika orodha aliyopewa kulikuwa na jina la tovuti yangu, na chini ya jina kile kipande kifupi cha maandishi ambacho Google hukichota ndani ya ukurasa, kikisema: kupaka mafuta ya kupikia kwenye cherehani. Hakuingia ndani. Aliona neno fundi, akaona maneno yale, akainuka kwenda jikoni. Namba yangu aliitafuta baadaye, mashine ilipokwisha kukwama.

Anayeijua kazi hii anajua kilichotokea ndani ya chuma kile. Mafuta ya kupikia yakikaa muda kwenye hewa hubadilika. Huwa mazito, halafu hunata kama gundi, na vumbi la nyuzi hujishika humo humo. Cherehani ina mafuta yake, mepesi, meupe, tena tone moja kila tundu. Mashine ya mama yule ilibidi ifunguliwe kipande kwa kipande na kusafishwa.

Nilipokata simu nilifungua ukurasa na kuusoma kuanzia juu hadi chini. Sikuona neno mafuta. Nikausoma tena. Kijana wangu wa kazi alikuwa amesimama nyuma yangu; akaomba kipanya, akabofya mahali patupu chini ya mstari wangu wa mwisho, akaburuta kuelekea chini. Pale penye weupe mtupu pakageuka bluu, na ndani ya bluu yakajitokeza maandishi, mstari kwa mstari kwa mstari. Yalikuwa yameandikwa kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Tuliyahesabu: mistari 64. Yule mtu alikuwa ameandika neno cherehani kwenye Google, akachota kila pendekezo lililotokea, akayamwaga yote chini ya kila ukurasa, kurasa zote 31. Bei za cherehani, mimi nisiyeuza hata sindano. Majina ya mashine ambazo sijawahi kuzifungua. Na katikati yake, mafuta ya kupikia.

Ndugu Mhariri, mwandishi wenu hakusema watu waandike kwa herufi nyeupe, na simsingizii. Ila alisema wabandike yote, na ubaya wenyewe ndio huo. Rangi ni nyongeza. Pendekezo la Google halina maana kwamba jambo ni kweli, wala kwamba ni jema. Lina maana kwamba kuna watu wanaliuliza. Ukilichukua swali la mtu ukalibandika kwenye ukurasa wako bila jibu, swali linageuka kuwa kauli yako. Mtu anauliza "mafuta ya kupikia kwenye cherehani?" na wewe unalirudisha kwake bila alama ya kuuliza, likiwa na jina lako juu. Fikirieni tovuti za dawa, za ujauzito, za umeme wa nyumbani, zikifanya hivyo.

Na hata kwa mtu ambaye hayo hayamgusi, anayetaka watembeleaji tu, ushauri ule haumsaidii. Kushindilia maneno na kuficha maandishi ni mambo yaliyotajwa waziwazi katika kanuni za Google dhidi ya udanganyifu, na adhabu yake ni ukurasa kushushwa au kuondolewa kabisa. Yule mtu alikuwa pia amejaza mistari ile ile kwenye sehemu ya ndani ya ukurasa inayoitwa maneno muhimu, isiyoonekana na msomaji. Google walitangaza mwaka 2009 kwamba sehemu hiyo hawaitumii kabisa kupanga majibu. Alinitoza pesa kwa kitu kilichokuwa kimekufa zaidi ya miaka kumi. Baada ya kazi yake hata wale wachache waliokuwa wakinifikia walipungua.

Nilifuta yote. Lakini kabla ya kufuta nilimwambia kijana aichapishe ile mistari 64 kwenye karatasi. Nilitaka kuona kilichokuwa kikisemwa kwa jina langu. Nilikaa nayo jioni ile, nikiisoma kama ninavyomsikiliza mteja anapoingia na mashine begani, na ndipo nilipoelewa kwa nini mvutano wa uzi ulibofywa mara sita.

Cherehani inakata uzi. Cherehani inaruka. Uzi unajikusanya chini. Sindano inagonga chuma. Cherehani inashona lakini haishiki. Hakuna hata mmoja aliyeandika mvutano. Nitawezaje kusema mvutano kama sijui kwamba tatizo ni mvutano? Ningelijua nisingetafuta. Mwenye shida hutaja anachokiona, fundi huandika anachokijua, na kati ya hao wawili kuna mto. Miaka 26 wateja wameniambia "inakata uzi", nami nikawaelewa na kuwatengenezea. Siku nilipokaa kuandika nikaliacha neno lao mlangoni nikatumia langu.

Nitoe mfano mmoja, maana hapa ndipo faida ya kweli ilipo. Mtu anashona, ghafla upande wa chini wa kitambaa unajaa nyuzi zilizosokotana kama kiota. Bobini iko chini, kiota kiko chini, kwa hiyo anasema bobini imeharibika. Anaandika "bobini inavuruga uzi" au "uzi unajikusanya chini ya cherehani". Anaitoa bobini, anaizungusha upya, anairudisha, kiota kinarudi. Anakaza skurubu ya nyumba ya bobini, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Na mara nyingi bobini haina kosa lolote. Kosa liko juu. Alipotia uzi, mguu unaokandamiza kitambaa ulikuwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani viwili vya kubana uzi vinakuwa vimefumba, na uzi unapita juu yake badala ya kuingia katikati. Uzi wa juu unakosa wa kuuzuia, unateremka mwingi kupita kiasi, na ule uliozidi unabaki chini. Dawa yake ni kuinua mguu, kutoa uzi wote wa juu, kuutia upya kuanzia mwanzo huku mguu ukiwa juu, kisha kushusha na kushona. Ni dakika moja.

Maelezo haya yalikuwa kwenye tovuti yangu tangu siku ya kwanza. Aya ya nne ya ukurasa wa mvutano wa uzi. Mtu aliyeandika "bobini inavuruga uzi" asingefika pale, kwa sababu ukurasa ule haukuwa na neno kuvuruga wala kujikusanya, na neno bobini lilitajwa mara moja tu kwa kupita. Hata kama Google angemleta, angesoma kichwa, "Mvutano wa uzi wa juu", akasema hapa si kwangu, shida yangu iko chini. Kwa kichwa kile asingekuwa na kosa.

Niliuandika upya. Kichwa nikakiita "Uzi unajikusanya chini ya kitambaa: angalia uzi wa juu kwanza". Sentensi ya kwanza ikataja anachokiona, ya pili ikamwambia bobini yake huenda ni nzima, ya tatu ikamwambia ainue mguu. Mvutano ukaja baadaye, kwa anayetaka kujua sababu. Sikubandika pendekezo hata moja. Nilichofanya ni kuliweka swali pale ambapo jibu lake lipo. Ukurasa ule sasa ndio unaoleta watu wengi kuliko mwingine wowote nilionao, na sikuongeza elimu hata chembe. Nilibadilisha mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo nami nasema mapendekezo ni mali, pengine kwa sauti kubwa kuliko mwandishi wenu. Lakini mtu ajue anachokishika. Yapo ya aina tatu, na makala iliyachanganya. Yapo yanayotokea unapoandika, kabla hujamaliza. Hayo yalianza Desemba 2004 kama jaribio la mhandisi wa Google aitwaye Kevin Gibbs, na mwaka 2008 yakaingizwa kwenye ukurasa mkuu. Yanatokana na mambo ambayo watu wameyatafuta kweli, lakini yanabadilika kulingana na lugha, mahali ulipo, na yale uliyotafuta wewe mwenyewe siku zilizopita. Ndiyo maana kabla ya kuyachunguza nafungua dirisha fiche la kivinjari, lile lisilobeba kumbukumbu za nilichotafuta, na kuhakikisha sijaingia kwenye akaunti yangu, la sivyo Google ananirudishia mawazo yangu na mimi nadhani ni ya umma. Yapo ya chini ya ukurasa, yanayokuja baada ya kutafuta, yanayoonyesha mtu mwenye haja hii huelekea wapi tena. Na yapo maswali yanayofunguka ukiyagusa, katikati ya majibu, ambayo kila ukifungua moja mengine huongezeka.

Kwa tovuti ya mafundisho, ya kwanza ndiyo yamenifaa zaidi, na Kiswahili kina njia yake ya kuyafungua ambayo sijaiona ikifundishwa. Lugha yetu imeweka nia ya mtu kwenye vineno na viambishi vidogo. Andika "cherehani ya" na usubiri: zinakuja aina za mashine, maana anayeandika hivyo anachagua. Andika "cherehani ina" na usubiri: yanakuja malalamiko, inakata, inaruka, inapiga kelele, inakwama. Ukiandika "jinsi ya ku" pamoja na kitu chako, wanakuja wanaotaka kujifunza hatua. Anzia na "kwa nini" au "mbona", wanakuja waliokwisha kujaribu wakashindwa. Herufi chache tu, na watu wamejipanga mbele yako kwa haja zao. Nilijaza daftari zima kwa wiki moja, na sikuhitaji programu ya kulipia.

Baada ya daftari ndipo kazi yenyewe huanza, na hapa nilikosea mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Niliona "cherehani inakata uzi", "uzi unakatika kwenye cherehani", "mbona uzi wa cherehani unakatika", "kukatika kwa uzi", nikaandika ukurasa kwa kila moja. Kurasa nne zikisema jambo lile lile. Zote zikabaki chini, leo huu unatokea, kesho ule, hakuna uliotulia. Maswali yale manne ni mtu mmoja anayesema kwa midomo minne. Sindano iliyopinda au butu, sindano iliyogeuzwa nyuma mbele, uzi uliobanwa kupita kiasi, uzi dhaifu, ukwaruzo kwenye tundu la bamba ambako sindano hupita: sababu ni zile zile kwa wote, kwa hiyo ukurasa ni mmoja. Nikaziunganisha, na zile anwani tatu za zamani nikazielekeza moja kwa moja kwenye ule mmoja ili asiyejua asigonge ukuta. Ndani ya mwezi na nusu ukurasa ukaanza kupanda.

Na tazama, katika kuuandika vizuri ukurasa ule mmoja sikulazimika kuyachomeka maneno yote manne. Yalikuja yenyewe. Huwezi kueleza kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini uzi unakatika bila kusema mahali fulani mashine inakata, pengine ukikatika, kwingine kukatika. Lugha inakufanyia kazi hiyo ukiiacha iseme kwa mwendo wake. Anayeshindilia huandika "cherehani inakata uzi" mara ishirini bila kubadilisha, na msomaji anahisi anazungumza na kasuku. Tahajia nayo ni hivyo hivyo. Wapo wanaoandika cherahani, wapo wa charahani. Mimi naandika cherehani kote, na sehemu moja nimesema kwamba wengine huiita charahani. Inatosha. Sitaijaza tovuti ya mafundisho makosa ya tahajia ili nionekane, nikawafundishe hayo vijana wanaosoma.

Kuna mapendekezo niliyoyaacha kabisa. Bei, kwa mfano. Anayetafuta bei anataka kununua, mimi sina cha kumuuzia. Nikimvuta kwangu nitampotezea muda, ataondoka kwa hasira, na hasira yake ni ya haki. Mwandishi wenu alisema kila pendekezo ni mteja. Hapana. Kila pendekezo ni haja, na si kila haja ni yako kuitimiza.

Na kuna yaliyonifundisha. "Sindano inagonga chuma" sikuwa nimeliandika popote. Kwetu sisi mafundi ni jambo la siku ya kwanza: ukisikia mlio ule unasimama, huendelei hata mshono mmoja, unazungusha gurudumu kwa mkono polepole uone inagonga wapi, maana sindano ikivunjika kwa kasi kipande chake kinaweza kuruka hadi jichoni. Kwa sababu kila fundi anajua, hakuna fundi aliyeandika. Nililiona pendekezo lile nikawaza ni watu wangapi wameendelea kukanyaga huku ikigonga, wakitafuta mtu wa kuwaambia waache. Niliuandika ukurasa ule usiku huo huo. Wa mafuta ya kupikia niliuandika kesho yake. Jibu lake ni neno la kwanza kabisa la ukurasa: Hapana. Kisha kwa nini, kisha la kufanya kama umeshaweka. Na kile kipande kinachoonekana chini ya jina langu, ambacho kilimponza mama yule, sasa kinaanza na neno hilo.

Wapo watakaosema haya yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi Google huweka juu kabisa jibu lililotungwa na akili mnemba na watu hawabofyi tena. Ni kweli wapo wasiobofya. Lakini jibu lile halitoki hewani; linatungwa kutokana na kurasa za watu, na mara nyingi huonyesha viungo vya kurasa hizo. Kama kurasa za Kiswahili kuhusu jambo fulani ni zile zilizobandikwa mapendekezo matupu, basi hicho ndicho mashine itakachokula, na hicho ndicho itakachowatapikia watu wetu. Kwa lugha yenye maandishi mengi mtandaoni, ukurasa mmoja mbovu humezwa na mia nzuri. Kwetu, kwenye mambo mengi, ukurasa mmoja mbovu unaweza kuwa ndio pekee uliopo.

Tena haiwezekani kuyabandika yote hata ukitaka. Google wamesema mara nyingi kwamba takriban asilimia 15 ya mambo yanayotafutwa kila siku hayajawahi kutafutwa kabla. Hayo hayamo kwenye pendekezo lolote. Mtu wa kesho atakuja na maneno yake mwenyewe, na kitakachomfikisha kwako ni kwamba uliielewa shida yake ukaieleza kwa lugha anayoisema.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni mawili. La kwanza, mchapishe masahihisho ya makala ile, mapema, kwa sababu kuna msomaji ambaye wikiendi hii atakaa na kubandika, au atamlipa mtu ambandikie. La pili linahusu gazeti lenyewe. Nimejaribu mara kadhaa kuzitafuta makala zenu nzuri za afya na kilimo mtandaoni ili niwatumie ndugu, na nimeshindwa kuzipata kwa Google hata ninapokumbuka zilichosema. Vichwa vyenu ni vya karatasi: vina utamu wa mafumbo, na kwenye karatasi napenda hivyo, kwa kuwa picha iko pembeni na jicho linaona habari inahusu nini. Mtandaoni kichwa kinasimama peke yake. Makala yenu ya mwaka jana kuhusu watoto kuharisha ilikuwa na kila alichohitaji mzazi, ila neno kuharisha halikuwamo kwenye kichwa wala katika aya tatu za mwanzo. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa saa nane usiku haandiki fumbo. Mpeni kijana mmoja wa chumba cha habari saa moja kwa siku, afungue dirisha fiche, aandike "mtoto ana" na asubiri, asome watu wanauliza nini, kisha aende kwenye makala mlizo nazo tayari aone lipi limejibiwa na limefichwa wapi. Fumbo libaki gazetini. Kwenye tovuti wekeni shida ya mtu kama anavyoitamka.

Mimi narudi kazini. Jana katika daftari langu liliingia pendekezo ambalo sijawahi kuliona: "cherehani inashona mbele hairudi nyuma". Kuna mashine moja mezani yenye ugonjwa huo huo. Kesho asubuhi naifungua upande wa kitasa cha kurudishia, kijana atapiga picha, na kichwa cha ukurasa nimeshakipata.

Wenu,
Fundi cherehani,
msomaji wenu wa miaka mingi